Utani Una Zamu: Lafudhi, Mikono na Ngozi katika Tamthilia Zetu

Ndugu waandishi, waongozaji, wapiga picha, na nyinyi watu wa sauti mnaokumbukwa mwisho kila mara, habari za asubuhi.

Geti linagongwa. Mlinzi anatokea, shuka jekundu, rungu mkononi. Hajafanya lolote bado. Anafungua kinywa: "Wewe nataka nani?" Sebuleni watu wameshacheka. Sekunde 15 baadaye gari limeingia, geti limefungwa, na mlinzi hatumwoni tena mpaka bosi arudi usiku. Kwenye orodha ya waigizaji ameandikwa "Mmasai". Ukimuuliza mwandishi, atakwambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba tamthilia yake ina makabila sita.

Anayo, hatumkatalii. Tatizo ni kazi aliyowapa. Kwetu kuna utani, na utani una kanuni ambayo hata mtoto anaijua: anayetaniwa yupo mbele yako, na zamu yake ya kujibu inafika. Mngoni na Msukuma wakikutana msibani, huyu akimwaga maneno, yule naye anamwaga. Ukimchokoza mtu aliyefungwa mdomo, hapo utani umekwisha, imebaki kejeli. Mlinzi wetu wa getini hakuandikiwa mstari hata mmoja wa kujibu. Basi ya leo yote ni hayo: zamu. Nani anapewa zamu kwenye mswada, kwenye fremu, kwenye mwanga, na kwenye maandishi ya chini ya skrini.

Mzaha huu una umri mkubwa kuliko televisheni zetu. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri kwenye milima ya Usambara, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu fupi za kuwafunza Waafrika mambo ya kilimo, afya na kuweka akiba. Mtu wa shamba ndiye aliyekuwa wa kuelimishwa. Miaka ya 1950 zikaja filamu za Kiswahili za kampuni ya Afrika Kusini zilizopigwa Tanganyika, na katika Muhogo Mchungu kijana Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, akacheza mtu wa shamba anayeingia Dar es Salaam na kukutana na hila za mjini. Mshamba mjini: umbo lilikuwa limeshafinyangwa. Tulichoongeza sisi ni kumpa mshamba kabila. Na kwa kuwa kabila halionekani usoni, tukaliweka mdomoni.

Kwa hiyo tuanze na mdomo.

Lafudhi ina sheria zake. Mtu anayejifunza Kiswahili juu ya lugha yake ya kwanza hakosei ovyo, anabeba sauti alizozaliwa nazo. Kikuyu hakina sauti ya l, ndiyo maana "kula" inageuka "kura" na "lala" inageuka "rara". Kisukuma hakina r, mambo yanakwenda upande wa pili: "habari" inasikika "habali". Kijaluo hakina sh, basi "shule" ni "sule" na "shida" ni "sida". Kwa Waluhya wengi b na g hukauka, "baba" akawa "papa" na "gari" ikawa "kari". Sasa mchukue mwigizaji aliyeambiwa tu "ongea kishamba kidogo". Ndani ya sentensi moja atageuza l kuwa r, kisha r kuwa l, atapoteza sh, atarefusha irabu ya mwisho. Hiyo lafudhi haina mwenyewe. Mtazamaji wa Nyeri, Ukikuyuni, au wa Kwimba, Usukumani, anagundua kabla sentensi haijafika kwenye kitenzi, na kuanzia hapo hasikilizi tena habari ya hadithi, anasikiliza makosa.

Turudi kwa mlinzi. Kimasai si lugha ya Kibantu. Nomino zake zinagawanywa kwa jinsi, ya kiume na ya kike, hazina ngeli kama zetu, kwa hiyo Mmasai anayejifunza Kiswahili ukubwani anaweza kuteleza kwenye upatanisho na viambishi. "Wewe nataka nani" inaweza kuwa kweli kabisa kinywani mwa mzee aliyeshuka basi juzi. Lakini kijana aliyesoma shule ya msingi ya serikali Monduli alifundishwa kila somo kwa Kiswahili kwa miaka 7. Akishalinda geti la Kinondoni miaka 10 mingine, huku redio ikimkesheza na wauza chipsi wakimwita "yero", sarufi yake itakuwa imenyooka kuliko ya bosi wake, maana bosi anachanganya na Kiingereza. Kilichobaki kwake ni wimbo wa sauti: mahali anapopanda, mahali anaposhuka, mahali anapokata. Wimbo huo ndio wa kuuiga, na ndio mgumu, ndiyo sababu tunakimbilia kuvunja sarufi.

Pwani nako kumeharibiwa vibaya. Mwigizaji akiambiwa "ongea Kipwani", anaitia Pwani nzima kwenye sufuria moja. "Ndoo" ya kumwita mtu aje, "mato" (macho), "kitwa" (kichwa) na "ndia" (njia) ni za Mombasa. "Yana" na "moya", kwa maana ya jana na moja, ni za Lamu. Halafu juu yake ananyunyiza "yakhe" kila baada ya maneno manne, kama pilipili manga. Mtu wa Mombasa na mtu wa Pemba wanaelewana vizuri sana, lakini hakuna anayezungumza kama wote wawili kwa pamoja.

Na Mhindi wa dukani. Tumempa "veve" na "iko" mpaka tukasahau kwamba familia nyingi za Kihindi za Unguja na Mombasa zina vizazi vitatu au vinne hapa, na vijana wao wana Kiswahili cha mtaa waliozaliwa. Anayetaka kuona njia nyingine asome Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, kisha aitazame filamu ya Amil Shivji ya 2021 iliyotokana nayo. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa kwa Bwana Raza, mwanamume aliyemzidi sana umri. Anaondoka. Ana shoga, Mwajuma. Anampenda Denge, mpigania uhuru. Hadithi inasukumwa na anachokitaka Yasmin, na Uhindi wake unakuwa uzito unaomvuta upande mmoja huku moyo ukimvuta upande wa pili. Mtu huyo huyo angeweza kukaa nyuma ya kaunta akapiga kelele "lipa deni". Duka halina neno. Mtu hawezi kuishi kwenye kaunta peke yake.

Sasa kazi yenyewe inafanywaje.

Mswada andika kwa tahajia ya kawaida. Usiandike "kura" ukimaanisha kula. Mwigizaji ataisoma kama kosa na kuitamka kama kosa, na juu ya hapo kura ni neno jingine lenye maana yake. Badala yake, mwanzoni mwa mswada weka mistari mitano juu ya kila mhusika mwenye lafudhi: alikulia wapi, lugha yake ya kwanza, alianza Kiswahili akiwa na umri gani, amekaa mjini miaka mingapi, na kila siku anaongea na nani zaidi. Mstari wa tano ndio unaosahauliwa na ndio wenye nguvu. Dada wa kazi anayeshinda na watoto wanaosoma shule za Kiingereza ataanza kuongea kama wao baada ya miezi.

Kisha tafuteni watu watatu wanaolingana na mistari hiyo. Warekodini kwa idhini yao, dakika 10 kila mmoja, wakieleza kazi yao au namna wanavyopika kitu. Msiwaambie mnatafuta lafudhi, maana wataigiza. Katika rekodi hizo chagueni alama tatu au nne zinazojirudia kwa wote, moja iwe ya wimbo wa sauti, nyingine zote acheni. Alama nne zinatosha masikio kujua mtu ametoka wapi. Zikifika nane, mwigizaji anaanza kufikiria ulimi wake na uso unakufa.

Asikilize rekodi kabla hajakariri mistari. Akishaikariri kwa lafudhi yake mwenyewe imeganda kama saruji, na mtakwenda nayo hivyo mpaka siku ya mwisho. Vipindi viwili vya saa moja moja kabla ya kupiga picha vinatosha kwa mwigizaji wa kawaida. Siku ya kupiga, mtu mmoja mwenye hedifoni kazi yake iwe kusikiliza lafudhi tu. Inaporomoka mahali panapojulikana: mhusika akipiga kelele, akilia, akinong'ona, na baada ya chakula cha mchana wakati kila mtu amechoka. Tena, kwa kuwa hatupigi picha kwa mfuatano wa hadithi, andikeni ngazi ya lafudhi kwenye kila onyesho, kuanzia 1 iliyo nyepesi hadi 3 iliyo nzito. Mhusika mmoja huwa na ngazi 1 mbele ya bosi, 3 kwenye simu na mama yake. Kubadilika huko ndiko kunakomfanya mtu awe mtu. Lafudhi iliyonyooka kama rula kutoka kipindi cha kwanza hadi cha ishirini ni barakoa.

Mtu atauliza: Mjaluo lazima aigizwe na Mjaluo? Marehemu Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka mingi alimcheza Mzee Ojwang' kwenye Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya KBC ya Kenya, kwa lafudhi ya Kijaluo. Kwa upande wa lafudhi, basi, jibu langu ni kwamba si lazima. Lakini tazameni kilichomzunguka. Mzee Ojwang' alikuwa mume wa Mama Kayai, na Mama Kayai si mtu wa kurushiwa neno akalimeza. Kila kitu kilikuwa na jibu lake. Ojwang' alikuwa na nyumba, na hila, na aibu zake; lafudhi ilikuwa nguo aliyovaa akiwa anafanya mambo yake.

Mkitaka kupima miswada yenu, chukueni kalamu tatu. Nyekundu, pigeni mstari pale mhusika anapochekwa. Kijani, pale anapojibu au anapomchekesha mwingine kwa akili yake. Buluu, pale anapotaka kitu na kufanya jambo ili akipate. Kurasa zenye nyekundu tupu zitajionyesha zenyewe. Halafu someni mistari ya mhusika huyo kwa sauti, kwa Kiswahili cha mtangazaji wa habari. Mstari ambao haufanyi chochote ukishavuliwa lafudhi haukuwa mstari.

Kuhesabu vichwa kuna faida yake, sikatai. Mwaka 1985 mchoraji Alison Bechdel aliweka kwenye katuni yake kipimo cha mambo matatu: filamu iwe na wanawake wawili, wazungumze, na mazungumzo yao yawe ya kitu kingine, si mwanamume. Filamu nyingi bado zinaanguka. Masharti ya tuzo za Oscar kwa filamu bora, yaliyotangazwa 2020, nayo yana njia mojawapo ya asilimia 30 ya nafasi ndogo ndogo kwenda kwa makundi yasiyoonekana vya kutosha. Lakini mlinzi wetu wa getini angehesabiwa humo vizuri tu, na bado asingekuwa na neno la kusema.

Twende kwenye fremu.

Kiziwi anaongea kwa mikono, uso na mabega. Mkimpiga picha ya uso tu mmemkata ulimi. Kosa hili linaonekana dogo kwa mhariri wa picha kwa sababu yeye amezoea kwamba sauti inaendelea hata akikata kwenda kwa anayesikiliza. Lugha ya alama haiendelei nje ya fremu. Ukimwonyesha msikilizaji wakati kiziwi anaongea, sentensi imepotea, na mtazamaji kiziwi wa nyumbani ameachwa njiani. Kwa hiyo fremu ianzie kiunoni na iache nafasi juu ya kichwa na pembeni ya viwiko. Mkataji asikate mpaka mikono itulie. Nguo iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi ya mikono. Kitenge chenye maua makubwa kinameza vidole. Msiweke taa nyuma yake, uso ukawa giza, kwa maana maswali na makanusho yako usoni, kwenye nyusi na kichwa.

Ni lugha gani ya alama? Ya Kenya na ya Tanzania ni mbili tofauti, na Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Mwigizaji asiye kiziwi aliyejifunza alama kwa wiki mbili anaongea kama mtu anayesoma kamusi, neno moja moja, uso umelala. Hapa ndipo ninapotofautisha na lafudhi: hii ni lugha kamili, na wenye nayo hawapewi kazi. Filamu ya Kifaransa La Famille Bélier ya 2014 iliwapa waigizaji wasio viziwi nafasi za wazazi viziwi, ikalaumiwa na viziwi wenyewe. Ilipotengenezwa upya Marekani kwa jina la CODA, wazazi na kaka waliigizwa na viziwi, na mwaka 2022 Troy Kotsur akapata Oscar ya mwigizaji msaidizi, na filamu ikapata ya filamu bora. Kitu cha kujifunza pale ni kwamba walikuwa na viziwi nyuma ya kamera pia, wa kuangalia alama zenyewe. Mwongozaji asiyejua alama hawezi kujua mstari umeharibika. Mwekeni mtu huyo kwenye seti, na mwekeni tena kwenye chumba cha kuhariri, ambako ndiko mikono inakokatwa.

Mtu wa kiti cha magurudumu nitampitia haraka: shusheni kamera usawa wa macho yake, na msiruhusu mhusika mwingine akisukume kiti bila kuombwa, isipokuwa hadithi inataka kuonyesha ufedhuli. Mengine mnayajua.

Ualbino ninataka nikae nao kidogo. Miaka mingi sinema za nje zimemfanya mwenye ualbino kuwa muuaji wa ajabu mwenye shabaha. Hapo sayansi yenyewe inakataa: ualbino huambatana na uoni hafifu, na kwa wengi macho hutikisika yenyewe. Huku kwetu, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa Kanda ya Ziwa, tumekwenda upande wa pili, kila mwenye ualbino kwenye skrini anakimbizwa kichakani. Ukatili ule ulitokea na lazima usimuliwe. Lakini mtoto mwenye ualbino anayetazama televisheni miaka 10 na kuona watu wa aina yake wakifanya jambo moja tu, la kuwindwa, hajawahi kuona fundi cherehani, wala mwalimu mkali, wala mpenzi mwenye wivu. Na neno "zeruzeru" likitamkwa, liwe limechaguliwa kwa ajili ya mdomo wa mhusika fulani; msimulizi aseme "mwenye ualbino".

Kwenye seti: pangeni taa kwa kutumia mtu mwingine asimame mahali pake, kisha mwiteni. Mwanga mkali unamuumiza macho, na mwigizaji anayekunja uso kwa maumivu ataonekana kama ana hasira. Mswada wake uchapwe kwa herufi kubwa, pointi 18 au zaidi. Alama za sakafuni ziwe za rangi inayojitenga kabisa na sakafu. Maonyesho ya nje yapangwe kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Mafuta ya kuzuia jua, SPF 30 kwenda juu, yapakwe upya kila baada ya saa 2, na fundi wa vipodozi awe nayo kwenye mkoba wake, siyo mwigizaji.

Na sasa weka mwenye ualbino na mtu mweusi tii kwenye fremu moja, uone kamera inavyohangaika. Tabia hiyo ni ya zamani. Kodak, watengenezaji wa filamu za kamera, walisambaza kwa maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, na filamu za rangi zikarekebishwa kwa ngozi yake kwa miongo. Kamera zetu za leo ni bora sana, lakini mpangilio wa mistari ya zebra (ile inayotokea kwenye skrini ya kamera mwanga ukifika kiwango ulichoweka) kwenye asilimia 70, unaofundishwa kwa ngozi nyeupe, bado unatumiwa na watu bila kufikiri. Ngozi nyeusi inakaa vizuri chini ya hapo, mara nyingi kati ya 35 na 50. Ukiipandisha mpaka 70 umeichubua. Ukiiachia kamera ijiamulie mbele ya ukuta mweupe, itazima uso. Zimeni upimaji wa mwanga wa kujiendesha. Waondoeni ukutani mita 2 au zaidi, ukuta upate mwanga wake. Mwenye ngozi nyeusi mpeni mwanga mpana uliodundishwa kwenye boksi jeupe kubwa, kutoka upande, kwa sababu ngozi nyeusi inaonekana kwa mng'ao wake. Mafuta kidogo mashavuni yanasaidia, poda nyingi inaua. Mwenye ngozi angavu mkingieni taa hiyo hiyo kwa kitambaa cheusi mpaka ishuke. Mnapima kila uso peke yake. Inachukua dakika 20 zaidi kwa kila onyesho, na mtayarishaji atalalamika. Ziwekeni kwenye ratiba tangu mwanzo ili asipate la kulalamikia.

La mwisho ni maandishi ya chini ya skrini. Mlinzi akiongea Kimasai na mwenzake, tafsirini alichosema. Kuandika "anaongea kilugha" ni kumnyang'anya zamu mara ya pili. Mistari isizidi 2, herufi zisizidi 42 kwa mstari, na isikae chini ya sekunde 1. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo mstari mmoja unabeba maneno sita hivi; mfasiri apunguze, asibane. Na kama mtu anaongea Kiswahili chenye lafudhi nzito, ama wawekeeni maandishi wote wanaoongea Kiswahili, au msimwekee yeyote. Kumwandikia Mkongo peke yake anaposema "bale batu", wakati Mzungu anayebabaisha Kiswahili haandikiwi, kunamweleza mtazamaji nani mgeni.

Kwenye meza ya mlangoni kuna kurasa tano za mswada wa geti, zile zile za mwanzo, na kalamu za rangi tatu. Kaeni wawili wawili. Kabla hamjagusa mstari wowote, futeni neno "Mmasai" kwenye orodha ya wahusika na mwandike jina lake, umri wake, na anachokitaka usiku huo. Mna dakika 40.